Sauti ya Shangazi na Kifurushi Kisichotajwa

Kazini tulimwita Mawingu, na jina likamkaa. Ukimsemesha akiwa mbele ya kompyuta, anakuitikia "eeh" huku macho yake yapo mbali, kwenye pazia linalopanda na kushuka kwa upepo. Mimi niliyekaa meza ya pili nilishazoea. Nilimsalimia mara mbili, ya pili ndiyo aliyoisikia.

Programu aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kuita wagonjwa kwenye ukumbi wa kliniki, ghorofa ya chini. Iliita kwa sauti ya shangazi yake, aliyekuwa mtu wa mapokezi hapo miaka nenda miaka rudi. Kabla ya kupasuliwa koo alijirekodi akitamka majina, moja moja, bila haraka. Upasuaji ulimwachia uhai, ukaondoka na sauti. Sasa akija kutibiwa hukaa benchi la mbele, akafumba macho, akajisikiliza.

Asubuhi moja Mawingu akashikwa na hamu ya usafi. Programu hatuandiki yote wenyewe. Tunaazima vifurushi vya wenzetu, tunamtajia mjenzi, yaani chombo kinachounganisha yote, naye anavileta. Shida ni kwamba kifurushi hakiji peke yake: unaalika mmoja, anakuja na shemeji yake, na shemeji naye ana watu wake. Mawingu akaona kifurushi cha kuonyesha video za matangazo ambazo kliniki ilishaziacha zamani, akakifuta. Majaribio yote yakapita. Akapeleka toleo jipya chini, akatabasamu peke yake.

Ukumbi ukawa kimya kama maji mtungini.

Bosi akapanda ngazi anahema. "Mawingu, watu wanatazamana tu kule! Tuweke ile sauti ya kununua, tuachane na hii."

"Nipe muda kidogo, bosi."

"Muda gani? Ikifika mchana bado ni bubu, naibadilisha."

Neno "bubu" lilimchoma, nikaona. Mimi nilitamani kumrushia bosi kikombe.

Akaendesha majaribio tena kwenye kompyuta yake: sauti hiyo, safi kabisa. Kliniki, kimya. Basi akamwomba mjenzi amwonyeshe nani kaletwa na nani. Majina ya vifurushi yakashuka kwenye kioo, matawi kwa matawi, naye akayafuata polepole kama mtu anayetembea usingizini. Akakipata: kifurushi kidogo kinachofungua faili za sauti. Kiliingia kwa mgongo wa kile cha video, na kilipofutwa kile, nacho kikaenda zake. Vifaa vya majaribio navyo vilikuja nacho, ila mjenzi hapakii vifaa vya majaribio kwenye mzigo wa safari, ule unaoshuka kliniki. Hivyo huku kwetu kilikuwepo, kule hakipo.

"Sijawahi kukitaja," akasema taratibu. "Miaka yote nakitumia, sijakitaja hata siku moja."

Akakitaja kwa jina kwenye orodha ya mjenzi, upande wa vitu vinavyosafiri na programu. Akapeleka toleo lingine, tukashuka.

Majina yalikuwa yameanza kutoka, laini, bila haraka. Bosi kaegemea mlango. Shangazi yuko benchi la mbele, kafumba macho. Kisha sauti yake ikamwita yeye mwenyewe.

Akafumbua macho, akafungua mdomo aitike kama watu wote wanavyoitika. Hakikutoka kitu.

"Yupo!" Mawingu akapaza sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Yupo hapa!"