Pazia la Mnara wa Taa

Siku fundi rangi alipomwona kwa mara ya kwanza, Bundi alikuwa akitoka mlangoni mwa mnara na ndoo mkononi, koleo kwapani, akimtukana mtu asiyemjua.

"Usinipe mkono, fundi," alisema. "Nimebeba mavi ya watu wasio na haya."

Fundi akarudisha mkono mfukoni. Alikuwa mtu mpole, na kinyaa alizaliwa nacho. Nzi akitua kwenye chai yake, humwaga kikombe kizima. Sasa amepewa kazi ya kuupaka rangi mnara mrefu kuliko kitu chochote pwani ile, na kumbe nusu ya mji imeufanya choo.

Jina la Bundi alipewa kwa sababu usiku halali. Aliingia kazini kijana, akipandisha madebe ya mafuta ya taa, enzi ambazo mtambo wa kuizungusha taa ulitiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani. Umeme ulipofika wenzake wakaondolewa, akabaki yeye na popo.

"Huu ulijengwa baada ya meli kupasuka kwenye mwamba ule pale," alimweleza fundi. "Chini ukuta mnene, juu mwembamba, upepo uteleze. Na usiniletee ubunifu wako. Mkanda mweusi, mkanda mweupe, mweusi, mweupe. Mchana nahodha haoni taa, anaona mikanda. Ndiyo sura ya mnara."

Fundi akapaka, ananing'inia kwenye kamba, mavi ya ndege yakimdondokea kichwani. Lakini kilichomchefua zaidi kilikuwa ndani, juu kabisa. Chumba cha taa kilikuwa na kioo cha kukuza mwanga, kikubwa kuliko mtu, vipande juu ya vipande, kinang'aa mpaka unaona haya kupumua mbele yake. Na dirishani, kuzunguka kioo hicho, lilining'inia pazia zito lililoota ukungu, limelowa mkojo wa popo, linanuka kama utumbo wa samaki wa juzi.

"Mzee, hili hulifui?"

"Nilifue lini? Mchana haliondoki, jua likipita kwenye kioo kile linakuwa moto. Usiku nalifungua mwanga utoke, lakini hewa ya hapa haikaushi hata leso. La pili lilioza. Nimeomba jingine ofisini, wananiambia subira huvuta heri."

Uvundo huo ndio uliomkimbiza mke wa Bundi. Alihamia kwa dada yake na shuka zote akabeba, akamwacha mumewe na mkeka. Sasa Bundi alikuwa akisugua ngazi kwa dawa, mpaka pembeni kabisa, kwa sababu moja tu.

"Mama watoto anakuja kesho," alimwambia fundi. "Kasema atanusa kwanza, ndipo atajibu kama anarudi."

Alikuja kweli. Alipanda akisimama kila kituo cha ngazi, ananusa, Bundi nyuma yake kama bwana harusi. Fundi alikuwa roshani ya juu akimalizia vyuma. Mlango wa chumba cha taa ukafunguliwa.

"Mh! Nani kafia humu?"

"Hakuna aliyekufa, mke wangu. Pazia tu hilo."

"Pazia? Hii si ngozi ya fisi?"

Kabla Bundi hajanyoosha mkono, mama alikwisha kulichomoa kwenye kulabu, akatoka roshani, akalitupa nje. Lilipita karibu na pua ya fundi, naye akaumeza tena uji wa asubuhi.

Jua likaingia. Kitambaa cha kufutia kioo kilichoachwa karibu na taa kikaanza kutoa moshi. Bundi akakinyakua, akakikanyaga, akavua shati na kulitandaza dirishani kwa mikono miwili. Akawa yeye ndiye pazia.

"Twende kwa dada," mkewe alisema. "Utafute kazi ya watu."

"Nitatokaje hapa? Si unaona jua?"

"Nakungoja chini. Lakini singoji sana."

Fundi alishuka mbio kulifuata pazia. Lilikuwa limeangukia nyuma ya mnara, juu ya uchafu mbichi, nzi wamelivamia. Hatua chache pembeni alichuchumaa bwana mmoja, suruali magotini.

"Hujambo, fundi? Rangi imependeza," yule bwana alisema, wala hakuinuka.

Fundi alishika ncha ya pazia kwa vidole viwili, ikamteleza. Akatapika hapo hapo, kwenye mkanda mweupe alioupaka jana.

Mama watoto alikuwa kando ya njia, begi begani, kaziba pua.

"Muulize, shemeji. Anashuka au hashuki?"

Fundi akapanda tena. Bundi alikuwa amesogea kidogo kulifuata jua, jasho linamtiririka mbavuni.

"Pazia liko wapi?"

"Halishikiki, mzee. Shemeji anauliza, unashuka au hushuki?"

"Mwambie anisubiri mpaka jua lizame."

Fundi alikwisha kugeuka, akasita mlangoni. Hakupenda kumpinga mtu mzima.

"Mzee, jua likizama si ndipo unapowasha taa?"

Bundi hakumtazama. Alivuta shati vizuri, likafunika pembe iliyobaki wazi.

"Basi mwambie asinisubiri."