Siku Niliyopima Atomu kwa Kibuyu cha Wakwe

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia huko Mwihoko kutoka kwa wapangaji wangu: ndiyo, ni mimi niliyemwaga pombe ya wakwe mchana kweupe, mbele ya wamama wote wa kanisa, nikifundisha fizikia. Mimi niliyeacha shule darasa la nne.

Binti yangu Wairimu anafanya kazi ng'ambo, kwenye maabara ya kupima uzito wa atomu moja moja. Nimeuza viazi Thika maisha yangu yote, mizani ndiyo iliyonijengea nyumba, kwa hivyo nilimhoji kwa simu mpaka nikaelewa. Atomu haikai kwenye mizani. Unainyang'anya elektroni ili umeme na sumaku viweze kuishika, unaifungia kwenye mtego usio na hata hewa, inazunguka humo ndani, halafu unapima kasi ya mizunguko: nyepesi inakimbia, nzito inajivuta. Na wanapima kwa makini mpaka wanaona kwamba vipande vya kiini, ule moyo wa atomu, vikishikana vinakuwa na uzito mdogo kuliko vikiwa vimetengana, na kwa huo uliopungua wanajua vimeshikana kwa nguvu gani. (Hiyo ilininyima usingizi. Ukiniletea gunia limepungua namna hiyo nakuita mwizi.)

Basi Wairimu akarudi likizo, na wakwe wakaja kwetu Ngoingwa kumwomba. Kwa desturi yetu wanaleta kibuyu cha muratina, ile pombe ya asali, na hakuna anayeonja mpaka baba amwite msichana, amuulize kama tuinywe, naye aonje kwanza halafu ampe kijana wake. Hapo ndipo amekubali. Bila hiyo hakuna ndoa, na wazee wa Kamau, huyo kijana mwenyewe, ni watu wa kushika desturi kwa meno.

Msemaji wao, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, akaanza kutuchokoza. "Tunasikia msichana wenu anapima vitu visivyoonekana. Sasa akipika, chakula tutakiona?"

Watu wakacheka. Wairimu akanivuta koti. "Baba, achana nao, nitawaeleza tukila."

Ningemsikiliza. Lakini nikasimama, nikaitisha kamba na kitunguu, nikafunga, nikazungusha juu ya kichwa. "Hii ni atomu nyepesi. Mnaona inavyokimbia?" Wakaona, wakapiga makofi, hata yule wa kofia, na makofi yakanipanda kichwani.

"Na ile nzito?" akauliza mama Kamau, ambaye alikuwa ameketi mbele kabisa na kitambaa kipya cha kichwa.

Nikatafuta kitu kizito chenye kamba, na kilichokuwa karibu ni kibuyu chao na ukanda wake wa ngozi (ndugu yangu alikohoa, nikadhani ni mafua). Nikakiinua nikaanza kukizungusha, na kweli kilijivuta, nikawa nawaambia nguvu ni ile ile, angalieni uzito unavyojisema wenyewe, na hapo ukanda ukakatika.

Kibuyu kilipita juu ya kofia ya manyoya, kikapasukia kwenye nguzo ya hema, na pombe ikamwogesha mama Kamau kuanzia kitambaa mpaka viatu.

Msemaji wao akauliza polepole, "Baba Wairimu, hivi ndivyo mnavyotukataa?" Wazee wao wakaanza kuokota bakora zao.

Wairimu ndiye aliyeinama chini ya nguzo, akaokota kipande cha kibuyu kilichobaki na pombe kama kijiko hivi, akapiga magoti mbele ya mama Kamau. "Mama, mimi sijakataa. Sijaulizwa bado."

Mama Kamau akajipangusa kidevu. "Anayeuliza ni baba yako. Kama amemaliza somo."

Nikauliza. "Tuinywe, mwanangu?"

"Inyweni," akasema, akaonja, akampa Kamau, na bakora zikarudi chini. Mimi nikatozwa kondoo mnene na kitambaa cha kichwa, na nikakatazwa kushika chochote isipokuwa sahani yangu.

"Baba," Wairimu aliniambia tukikunja hema, "kuzungusha si shida. Kazi yote iko kwa kushikilia."

Niliyosema yalikuwa kweli, na nzito ilijivuta, kila mtu aliona, kwa hilo sirudi nyuma. Lakini harusi inakuja, na nimeapa: mtu akiniuliza kazi ya binti yangu nitamwonyesha Wairimu alipoketi, kwa kidevu, mikono yote miwili ikiwa mfukoni.