Bibi na Hifazi ya Leli

Juzi nimefukuzwa jikoni kwa bibi yangu. Nilikuwa Igogo, mtaa nilikokulia, kwa shughuli zangu, nimekaa juu ya tofali kando ya tuta la reli mpya, nakula mapanki, ile mifupa ya samaki ya kukaanga, kwenye kipande cha gazeti, mara mlinzi mmoja kijana akanijia mbio, filimbi mdomoni, rungu mkononi. "Mama, toka hapo! Hujui hapo ni hifadhi ya reli?" Kwa ninavyokumbuka mimi, pale nilipokuwa nimekaa ndipo yalipokuwa mafiga ya bibi, na mlango wa jiko ulikuwa pale alipokanyaga yeye na buti zake. Nikafunga mapanki yangu nikaondoka. Lakini neno lile la hifadhi lilinifuata mpaka stendi, na nimeona nikusimulie wewe, maana nikibaki nalo peke yangu litanitoa roho.

Mimi nimelelewa na bibi, mama yangu alipokwenda kutafuta maisha. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo na bati, nyuma yake mawe makubwa ya mlima, mbele yake reli ya zamani, karibu kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilikuwa vinagongana kabatini na bibi anaushika mfuniko wa sufuria bila kukatisha mazungumzo. Treni ya asubuhi ikipiga honi kuelekea stesheni, ndiyo saa ya kuinjika maharage. Tulikuwa hatuna saa ya ukutani wala hatukuikosa. Kazi yangu mimi ilikuwa kuanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, kwenye mkeka kando ya kokoto za reli, kufukuza mbuzi, kisha kukimbia kuondoa mkeka kabla vumbi la mabehewa halijatua juu ya chakula. Jioni tulikula matobolwa na karanga, hiyo michembe iliyochemshwa ikalainika, tamu mpaka unalamba vidole. Siku bibi akiwa na furaha tunaongeza mapanki ya kukaanga, mtaa mzima unanuka mafuta ya samaki, watoto wote tunagombania vichwa. Tulikuwa tunaweka vizibo vya soda juu ya chuma cha reli, treni ikipita vinakuwa bapa, tunavitoboa tunatengeneza njuga. Wee! Ukivaa zile miguuni ukacheza, hata wakubwa wanageuka.

Babu sikumkuta. Alikuwa mtu wa genge la reli, wale waliokuwa wanatembea na spana ndefu wakikaza bolti na kubadilisha mataruma. Yeye ndiye aliyejenga ile nyumba, na yeye ndiye aliyemfundisha bibi Kiswahili, huko kambini kwao watu wa genge, maana bibi aliolewa kutoka kijijini akiwa na Kisukuma chake tu. Kiswahili cha bibi ulitakiwa ukisikie mwenyewe. Reli kwake ilikuwa leli. Serikali, selikali. Na hifadhi ilikuwa hifazi. Alikipenda kweli hicho Kiswahili. Alikuwa akiongea na mtu wa ofisi anakaza shingo na kupandisha sauti, na kila neno kubwa alilolijua lazima alitumie siku hiyo, liingie lisiingie.

Sasa neno aliloachiwa na babu, kubwa kuliko yote, ndilo hilo. Babu kabla hajafa alimwambia, "Hapa tuko ndani ya hifadhi ya reli." Mzee wa watu sijui alitaka kumwonya au alikuwa anaeleza tu mahali walipo. Bibi yeye alilipokea neno kama mirathi. Hifadhi si kuhifadhi? Kitu kilichohifadhiwa nani atakigusa? Basi, bibi akajua nyumba yake inalindwa na reli, na waliobaki mtaani wanaishi kwa bahati yao. Akawa anawaambia hivyohivyo, bombani, mchana kweupe, "Ninyi ni wavamizi. Mimi niko hifazini."

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu mstaafu. Yeye alijenga baada ya babu kufa, na yeye ndiye bibi aliyependa zaidi kumwita mvamizi. Mwalimu hakukasirika hata siku moja. Alikuwa anacheka, meno yote nje, anavua kofia, anasema, "Shikamoo, Mama Hifadhi! Hamjambo huko hifadhini?" Watu bombani wanaangua kicheko. Bibi anaitikia "Malahaba," kwa heshima zote, ndoo kichwani, akidhani wanamcheka mwalimu. Mtaa mzima ukamwita Mama Hifadhi. Na mimi nikaitwa mtoto wa hifadhi, nikajivuna nalo, kwa nini nisijivune?

Nikiwa darasa la nne walikuja watu na ndoo ya rangi nyekundu. Wakachora X kwenye nyumba zote zilizo karibu na reli, wakasema siku moja reli kubwa ya kisasa itajengwa na nyumba hizi zitatoka, wakapanda gari lao wakaenda. Watu wakalia, wengine wakaanza kuomba viwanja huko Ilemela. Bibi? Thubutu! Bibi alisimama mbele ya ukuta wake akaitazama ile X kwa furaha. Hakwenda shule, hakujua X ni alama ya kosa. Kwake ulikuwa msalaba uliolala. "Msalaba wa selikali," akasema. "Wamenitia alama nisipotee." Miaka ikapita, hakuna reli wala tingatinga, watu wakasahau, mvua ikafuta zile X za wenzetu. Ya kwetu haikufutika. Kila Krismasi bibi alikuwa anapaka chokaa ukuta wa mbele, anaizunguka X kwa uangalifu, kisha ananituma dukani kununua rangi nyekundu kidogo ya kuikolezea. Mwalimu alikuwa anatoa kiti nje kuangalia. "Koleza vizuri, Mama Hifadhi," anasema, "pale mkono wa kushoto imepauka." Na bibi anakoleza.

Nilipofika kidato cha pili nikajua maana. Nikarudi nyumbani nikamkalisha, nikamwambia bibi, hifadhi ya reli ni ardhi ya reli, mtu haruhusiwi kujenga, na ile X maana yake tubomolewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Selengeti ni nini?" Nikasema ni hifadhi. "Swala aliye ndani ya Selengeti, nani anamgusa?" Nikasema hakuna anayemgusa. "Na yule swala aliyetoka nje?" Hakungoja jibu. "Haya, kamenye muhogo," akasema, na mjadala ukaishia hapo. Mjomba, mwanawe wa kumzaa, naye alijaribu, akaambiwa ana wivu. Ukiwa na bibi wa namna hiyo utafanyaje? Nilikwenda kumenya muhogo.

Kisha mwaka mmoja watu wa reli mpya kweli wakaja. Mimi wakati huo nilishaanza kazi Sengerema, ng'ambo ya ziwa, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Mjomba akanipigia simu kwamba watu wa tathmini wanakuja Igogo, wataita mkutano, wataongea na kila mwenye nyumba. Nikavuka maji asubuhi hiyohiyo, lakini kivuko kilichelewa, na nilipofika mkutano ulishaanza. Watu wamejaa uwanjani, afisa mmoja kijana mpole yuko mezani, anaita mmoja mmoja. Ilishaelezwa kwamba waliojua wanajenga kwenye hifadhi hawana lao. Ila waliojenga bila kujua, wale wangefikiriwa kifuta jasho cha kuanzia maisha kwingine. Basi kila aliyeitwa alijibu, "Sikujua, kiongozi. Hakuna aliyeniambia." Mwalimu naye, msomi wa watu, akajibu hivyohivyo, kofia mkononi, "Sikujua kabisa, kijana wangu."

Kumbe usiku wa kuamkia siku ile mwalimu, aliyeshayasikia masharti, alipita nyumba kwa nyumba na wenzake akiwafundisha watu jibu. Nililijua baadaye, jirani mmoja alinieleza huku akitazama chini. Walipofika mlangoni kwetu mtu mmoja alisema, na bibi je? Mwalimu akasema, "Mwacheni Mama Hifadhi. Yeye anajua kujieleza." Wakacheka, wakapita.

Basi nimefika nahema, namtafuta bibi kwa macho, namwona ameshasimama mbele ya meza. Amevaa kitenge kipya. Shingo imekazwa.

"Shikamoo, bibi," afisa akasema.

"Malahaba, mwanangu."

"Nikuulize, bibi yangu. Mlipojenga nyumba yenu, mlijua kwamba hapa ni hifadhi ya reli?"

Nilipasua watu kwa viwiko. Nikaita, "Bibi! Bibi, ngoja!" Akageuka akaniona, akatabasamu, kisha akaninyooshea kidole kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. "Usinikatishe, naongea na wakubwa." Akamgeukia afisa.

"Tulijua!" akasema, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Mzee wangu alikuwa mtu wa leli. Alichagua hapa makusudi. Hawa wote hawakujua, ni kweli hawakujua, ni wavamizi hawa. Mimi peke yangu ndiye wa hifazini."

Mungu wangu. Kile kicheko mpaka leo nakisikia. Hawakucheka kwa siri. Walicheka wakishikana mabega, akina mama waliokula matobolwa yetu, watu wazima na akili zao. Afisa yule hakucheka. Alimuuliza tena, polepole, "Bibi, una uhakika mlijua?" Alikuwa anampa mlango wa kutokea, nakwambia, yule kijana alijaribu. Bibi akaona anadharauliwa. "Nyumba yangu ina alama ya selikali," akasema. "Kila mwaka naikoleza langi mwenyewe. Njoo uone." Nililia pale uwanjani. Nilimfuata afisa mezani nikamweleza kwamba bibi hajui maana ya neno hilo, akanijibu kwa upole kwamba jibu limesikiwa na watu wote, na yeye hana uwezo wa kulirudisha. Nikageuka kuwaomba majirani waseme kitu. Kila mtu akakumbuka kwamba ana chakula jikoni.

Siku ya bomoabomoa bibi alitoa vyombo vyake mwenyewe, kwa utaratibu, akavipanga kando ya barabara, akakaa juu ya godoro. Hakulia hata kidogo. Alidhani watu wa reli wanaivunja ile ya zamani ili wampe mpya. Tingatinga lilipousukuma ukuta wa mbele alikuwa ananyoosha shingo kuangalia lori litakalokuja kumchukua. Wenzetu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja na vifurushi vyao. Jua likageuka. Mjomba akasema, "Mama, twende." Bibi akasema tumngojee kidogo, hawa wa leli huwa wanachelewa, hata treni ilikuwa inachelewa. Ilibidi tumbebe na godoro lake. Tukampeleka Ilemela kwa mjomba, chumba cha uani juu ya mawe, ndege zinapita juu ya bati kwenda kutua.

Hata huko alikuwa na furaha yake. Anawasimulia wageni jinsi alivyosimama mbele ya wakubwa, jinsi yeye peke yake alivyojibu swali na wenzake wote wakashindwa. Tulimwacha. Mjomba alisema asiambiwe mtu huyu, atakufa siku si zake, na sote tukakubali.

Mwalimu ndiye aliyemwambia. Alikuja kumtembelea, eti kumjulia hali, na sukari na sabuni ya mche mkononi, amependeza, kifuta jasho chake ameshajengea kule Buswelu. Mimi nilikuwa nimekuja likizo, nachambua mchele mlangoni. Bibi akamkaribisha kwa Kiswahili chake chote. Wakanywa chai. Kisha bibi akamwambia, kwa utani wa siku zote, "Mwalimu, wewe mvamizi umepata nyumba, na mimi wa hifazini bado nangoja." Mwalimu akaweka kikombe chini, akacheka, akapiga goti karibu yake na kumweleza. Alimweleza kama anavyoeleza mwalimu, taratibu, neno kwa neno, hifadhi ni nini, X ni nini, sisi tulijibu nini, wewe ulijibu nini. Nikapiga kelele, "Mwalimu, inatosha!" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si bora ajue?" akasema. "Elimu haina mwisho, mjukuu wangu." Akavaa kofia yake, akaaga, akaenda zake.

Bibi alikusanya vikombe mwenyewe, kimoja kimoja. Nilimwita akanitazama. Nikamuuliza kama anataka kulala, akanijibu kwa Kisukuma. Nikadhani ni uchovu. Kesho yake akajibu kwa Kisukuma, na keshokutwa, na mpaka leo. Kiswahili cha genge, cha babu, kile cha kukazia shingo, hajakisema tena hata neno moja. Ukimsemesha kwa Kiswahili anageuza uso, kama umemtukana. Hajasahau, najua hajasahau, maana redio ikisoma habari anaomba kwa ishara izimwe.

Watu wananiambia reli mpya ikikamilika tutasafiri kama Wazungu. Sawa, tutasafiri, na mimi nitapanda, sina kinyongo na chuma. Wanayoyataja wanaposema Igogo ya zamani ni mabati na vumbi, na kweli hayo yameondoka na hayana wa kuyalilia. Ninachokililia mimi ni sauti ya mtu mmoja. Kisukuma changu ni cha kuombea maji na kumuuliza mtu ameamkaje, basi. Hadithi zote alizonilea nazo alizisema kwa Kiswahili kile kilichopinda, na sasa nikitaka kumuuliza jambo la babu sina maneno ya kumuulizia.

Mwanangu yeye Kisukuma hajui kabisa. Kila tukienda Ilemela anakimbia uani, anainama vizuri nilivyomfundisha, anasema, "Shikamoo, bibi." Bibi anageuza uso. Mtoto anarudia kwa sauti zaidi, akidhani hajasikia.