Historia ya Marehemu kwa Mtindo wa Mtihani

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga. Tulisoma jioni kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakigusa masikio, na kamusi ya shule niliila mpaka nikabakiza jalada. Kwa hiyo baba alipofariki, baba mdogo hakuhangaika kutafuta mwandishi.

"Wewe ndiye msomi wa ukoo," aliniambia, akanipa daftari. "Andika historia ya marehemu, isomwe kesho makaburini. Na usituaibishe."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Machozi hayakuja. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako. Watu walinipa pole, nikaitikia "tumeshapoa" kama redio. Nikaandika kwa namna pekee niliyoijua, ile ya mtihani wa fasihi: "Marehemu ni mhusika mkuu. Tabia zake: mchapakazi, mkimya, mkali. Ni mhusika bapa." Kila tabia nikaipigia mstari kwa rula.

Asubuhi nilimsomea mama jikoni, akichambua maharage.

"Bapa ndiyo nini?"

"Asiyebadilika, mama. Ukimwona ukurasa wa kwanza, umeshamwona mpaka wa mwisho."

Akachambua maharage kama gunia zima.

"Ulipozaliwa niliugua," alisema. "Baba yako akawa anaamka kabla ya majirani, anakwenda kisimani, anabeba ndoo kichwani kama mwanamke. Miezi miwili. Wanaume wenzake wangemwona, wangemcheka kutoka hapa Endagikot mpaka mlima Hanang. Mtu huyo mnamwitaje huko shuleni?"

"Mhusika duara. Yule mwenye sura zaidi ya moja."

"Basi andika hivyo. Nisimsikie akizikwa kwa jina lisilo lake. Lakini la maji usiliseme. Nilimwahidi."

Nikafuta bapa, nikaandika duara.

Makaburini nilisoma kwa sauti kavu. Nilipofika hapo watu wakatazamana.

"Duara ni mtu wa sura nyingi," nikafafanua. "Marehemu hakuwa mkali tu."

"Toa mfano basi," alisema baba mdogo. "Mimi kaka yangu namjua mkali tu."

Nikamtazama mama. Alikuwa akiangalia udongo.

"Mfano upo, baba mdogo. Ila si wangu kuutoa."

Mtihanini hapo ningepata sifuri. Katekista akaanzisha wimbo. Mama akajifunga upya kanga yake, akainua uso.

Tuliporudi, wanaume wote wa tarafa waliketi uani kwetu. Nikachukua ndoo, nikaenda kisimani mchana kweupe, nikarudi nayo kichwani. Mmoja akacheka, kisha akaacha. Sikuhisi aibu, wala huzuni. Maji tu yalichuruzika shingoni, yakaingia ndani ya shati, na yalikuwa ya baridi.