Bobine Zangu Mbili na Keki ya Dada Furaha

Hii aibu siipendi kuisema, na kama mutacheka, mucheke polepole, juu hata leo nikipita Lushebere ninashusha kofia mpaka puani. Mimi natengeneza maradio hapa Masisi, na wakati ule nilikuwa nimejitengenezea bobine mbili za umeme mukali, waya ya shaba niliyoizungusha kwenye mabomba ya plastiki, na bobine ya pikipiki ya kusukuma moto. Ukizilinganisha vizuri, kama kamba mbili za gitaa zenye sauti moja, ukiamusha ya hapa, ya kule inaitika yenyewe, na taa inawaka bila waya! (Kwetu nyumbani iliwaka. Mama alijionea.)

Sasa dada yangu Furaha akaolewa pale Lushebere na kijana wa Walikale, nikajiambia wakwe wataona hii familia iko na akili, taa itawaka juu ya keki wakati wa kuikata. Nikaficha bobine moja nyuma ya pazia, ya pili chini ya meza ya chuma ya keki, lakini nikijaribu kwa siri naona taa inawaka kidogo sana, basi njo nikakata shauri dogo tu: waya ya chini, ile ya kupeleka umeme kwenye udongo, nikaifunga kwenye nguzo ya chuma ya hangari ya harusi, ile inayoshika mabati yote, na meza ilikuwa imeiegemea.

Musemaji akaita, "Maharusi, keki!" Nikawasha.

Taa wapi! Bafle za muziki zikapiga yowe kama nguruwe anayechinjwa, kinanda ya waimbaji wa korali ikakufa, na Furaha alipogusa sahani na kisu, cheche ikarukia kidole cha bwana harusi, naye akalia ndani ya mikro ya musemaji, "Mamaaa!" Watu wakakanyagana kutoka, pasta akaanza kukemea pepo. Nilizima, ndiyo, lakini nikabaki nyuma ya pazia kama panya.

Njo nikasikia shangazi ya bwana harusi: "Huyu bibi harusi iko na kitu. Turudi kwetu mapema."

Furaha akaanza kulia, shela imejaa krimu. Moyo ukanichoma. Nikatoka, bobine mukononi, nikasimama mbele ya wakwe.

"Papa, Mama, musimuache dada yangu. Haiko pepo. Njo mimi."

Pasta mukono bado iko juu. Mama mukwe wa Furaha akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akauliza, "Ulisoma?"

"Ndiyo, Mama. Umeme."

"Kumbe siku hizi pepo iko na diplome."

Hangari nzima ikaangua kicheko, hata bwana harusi, kidole mudomoni. Ndoa ikapona. Furaha peke yake hakucheka, na hakunisemesha mpaka ubatizo wa mutoto wake wa kwanza, pale alinisimamisha mulangoni mbele ya wageni wote: "Kaka, fungua mufuko."

Bobine bado niko nazo, siwadanganyi, lakini nazichezea nyuma ya nyumba peke yangu. Nikialikwa harusi, ninabeba kitenge cha zawadi tu, nakaa mbele ambako wananiona mikono, na taa ikizimika mimi njo wa kwanza kuapa kama haiko mimi.