Singo Ndani ya Pipa la Mchanga

Mjukuu wangu ni fundi wa bwawa la kuogelea. Mara ya kwanza kulisema hilo barazani kwetu Ng'ambo, jirani yangu aliacha kuchambua mchele akanikodolea macho kama niliyesema mjukuu wangu anafuga nyangumi.

"Fundi wa bwawa? Kwani bwawa lina ufundi gani, mwanakwetu? Maji si yamekaa tu pale?"

"Yamekaa kwako wewe usiyejua," nikamjibu.

Na mimi sikuwa najua. Nilitanguliza kujivuna, kujua nikakuacha kuje nyuma. Mtoto nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipoolewa tena bara, nimemsomesha mpaka chuo cha ufundi, katoka na cheti cha mabomba na pampu, kapata kazi hoteli ndogo upande wa Mangapwani, mwanamke peke yake kati ya mafundi wanaume. Kwa nini nisijivune?

Mimi mwenyewe skuli sikwenda mbali. Chuoni Kurani nilihitimu, gazeti nnalisoma kwa kidole. Kilichotulisha mimi na yeye ni singo, ule unga wa manukato anaosuguliwa bi harusi kabla ya harusi yake, ngozi ilainike na kunukia. Karafuu, liwa, mawaridi, asumini, na vitu viwili vitatu ambavyo sivitaji hapa wala pahala pengine. Yangu naikanda na mafuta ya nazi niliyoyapika kwa mkono wangu. Bi harusi akipita ukumbini, wanawake wanaojua hunusa wakasema, huyu kapita kwa bibi wa Ng'ambo. Bibi wa Ng'ambo ni mimi.

Basi Jumamosi moja mjukuu wangu kaja nyumbani, chakula hakugusa.

"Una nini, mke mwenzangu?" Ndivyo ninavyomwita kwa utani. Marehemu babu yake alipenda kutugombanisha nani mke mkubwa.

"Bwawa, bibi. Kila Jumamosi linaamka jeupe kama tui. Wageni hawaingii, wanalipiga picha tu. Mwenye hoteli kasema ikiendelea hivi analeta fundi kutoka Dar, mimi nirudi nyumbani."

"Huyo fundi wa Dar anakuja na maji yake?"

Hakucheka. Huyu mtoto hucheka hata msibani. Nikajua mambo yameharibika.

"Wiki hii nnakwenda na wewe," nikamwambia.

"Ukafanye nini, bibi?"

"Nikaone."

Akainamisha kichwa, akasukuma sahani pembeni. Mimi nilidhani anaona haya kwenda kazini kafuatana na bibi yake.

Hoteli yenyewe nzuri. Mpishi akanipa shikamoo na chai ya maziwa kabla sijakaa. Bwawa lilikuwa mbele, buluu, limetulia, sikuona ubaya wake. Lakini kazi ya mjukuu wangu haiko mbele. Iko nyuma ya jiko, kwenye kibanda cha bati chenye joto na mngurumo wa pampu, na pembeni pana pipa kubwa kunishinda mimi, limefungwa kote kama mtungi wa gesi.

"Humu ndani mna mchanga," akasema akiligonga.

"Mchanga? Mimi mchanga nautoa kwenye mchele, wewe unautia kwenye maji?"

"Maji ya bwawa yanaingia juu, yanapenya mchangani, uchafu unabaki, yanatokea chini masafi."

"Aa! Kifumbu."

"Ndiyo, bibi. Kama kifumbu."

Nikafurahi. Kifumbu nnakijua. Unatia nazi, unakamua, tui linatoka machicha yanabaki. Ukishamaliza unakikung'uta na kukikosha mpaka kinatakata. Nikamwambia basi kazi yake rahisi, autoe mchanga wote aukoshe mpaka ung'are, akazibe mdomo wa mwenye hoteli.

"Hapana, bibi. Mchanga ukitakata sana hauchuji vizuri. Lazima ubaki na uchafu kidogo. Ule uchafu mdogo ndo unaokamata uchafu mwengine."

Nilipindua ndoo nikaikalia. Nimesafisha vitu maisha yangu yote, sufuria, watoto, maiti za wanawake wa mtaani kwetu, sijasikia uchafu unaosafisha. Nilimtazama nione kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. Alikuwa anaangalia saa ndogo juu ya pipa, saa yenye mshale mmoja tu, isiyosema wakati.

"Mshale ukipanda, pipa limeziba. Maji yanasukuma hayapiti."

"Halafu?"

"Halafu tunayageuza."

Akazima pampu kwanza. Kuna mkono mkubwa juu ya pipa, akaniambia mkono ule haugeuzwi pampu ikiwa inakwenda, utavunja kila kitu kilichomo. Akaugeuza, akawasha. Maji yakaanza kwenda kinyume, kutoka chini kuja juu, yakiukoroga mchanga. Palikuwa na kioo kidogo ubavuni, kama chupa ya wanja, na ndani yake nikayaona yakipita: kwanza rangi ya chai kavu, kisha ya machicha, kisha masafi kabisa. Yote yakamwagikia shimoni nyuma ya kibanda. Maji yanarudishwa nyuma ili yaende mbele. Nikasema sawa. Sikuelewa, lakini nilisema sawa, maana mtoto alikuwa anafanya kwa mikono iliyotulia, na mikono ile naijua nani kaifundisha kutulia.

Nikarudi mjini kwa kazi zangu, mpaka ikafika Ijumaa. Mwenye hoteli, Mhindi wa mjini, mtu wa adabu lakini uso wake haukunjuki, ana utaratibu kwamba Ijumaa baada ya sala bwawa ni la wanawake peke yao. Wanaume wote wanatolewa, wafanyakazi na wageni, turubai linafungwa. Wanakuja maarusi na mashoga zao kutoka mjini. Zamani mwari akisuguliwa singo anakaa ndani hata jua halimwoni. Siku hizi anasuguliwa asubuhi, alasiri yuko hotelini anapiga mbizi. Sikutii neno. Kila zama na wazimu wake.

Na bi harusi wa siku hiyo, wallahi, alikuwa wangu. Asubuhi ile ile nilimsugua mimi nyumbani kwao Mlandege, halafu ndo nikapanda gari kwenda Mangapwani. Aliponiona akapiga kelele.

"Bibi! Kumbe na wewe umekuja kuogelea?"

"Nije nizame, nani atakusugua kesho?"

Walicheka, wakajitosa na madera yao yakafura kama maputo. Na wote walikuwa wamepakwa, maana mashoga hawakubali bi harusi anukie peke yake. Mafuta nyweleni, singo shingoni, asumini kwenye nywele. Uani kote kulinukia kama peponi. Nilikaa chini ya mwavuli na juisi ya ukwaju nikaona kazi yangu ikielea buluuni, nikamshukuru Mungu. Mjukuu wangu alikuwa anatoka kibandani, anaingia, anatoka. Nikamwita aje anywe juisi. Hakuja.

Nililala huko huko kwa mjukuu wangu, na Jumamosi asubuhi bwawa lilikuwa tui. Tui la kwanza, zito, huoni hata ngazi ya pili. Mwenye hoteli alisimama ukingoni na mikono nyuma.

"Bi mkubwa," akaniambia mimi, si fundi wake, "mjukuu wako nnampenda kama mwanangu. Lakini nina wageni. Wiki ijayo ikiwa hivi tena, nishampigia mtu wa Dar."

Nikaenda kibandani nimewaka. Mjukuu wangu alikuwa kashalifungua pipa juu, kaingiza mkono mpaka begani. Akautoa na bonge la mchanga. Si mchanga unaomwagika. Limegandana, la manjano, linateleza, kama ladu lililoharibika.

"Nusa, bibi."

Nikanusa.

Sitasema uongo, kitu cha kwanza nilichohisi ni fahari. Maana ilikuwa yangu! Imepita kwenye maji, imepita kwenye dawa ya bwawa inayochoma macho, imekaa usiku mzima ndani ya pipa, na bado karafuu iko, waridi liko, na vile vitu viwili vitatu nisivyovitaja viko. Nikasema kwa sauti, "Hii singo yangu."

"Ndiyo, bibi."

"Inakaa, eh?"

"Inakaa mno."

Ndipo nikashangaa. Nikamwambia haiwezekani, singo haichafui, singo inasafisha. Nimewatakatisha wanawake wa mji huu, weusi, weupe, wenye chunusi. Itachafuaje maji?

"Mafuta yanaufunga mchanga, bibi. Unakuwa mabonge, maji yanatafuta njia pembeni, yanapita bila kuchujwa. Na ule unga mwembamba unarudi bwawani."

"Sasa kwenye ngozi ni usafi, kwenye maji ni uchafu? Kitu kile kile?"

"Kitu kile kile."

Nikamnyang'anya lile bonge, nikalinusa tena. Halafu nikaona haulizi, wala hashangai, wala hatafuti. Nikamwuliza, "Umejua lini?"

Akaanza kuyavunja mabonge kwenye ndoo. "Tangu harusi ya pili."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nimwambie mwenye hoteli singo ya bibi yangu inaua bwawa? Kesho hoteli zote zimesikia, kesho kutwa maarusi wanakwenda kwa mwengine. Mimi nimesomeshwa na hiyo hiyo singo, bibi. Pampu nimejifunza kwa singo."

"Kwa hivyo ungekubali kufukuzwa?"

"Nilidhani nitaweza kulikosha kila Jumamosi kabla hawajaamka. Mabonge yamenishinda."

Jamani. Mpaka leo sijui nilistahili kufanya nini pale, kumkumbatia au kumzaba kofi. Mtoto ananificha siri yangu mwenyewe. Ananistahi mpaka ananitia aibu. Nilisimama na bonge mkononi, linanukia harusi, na machozi yananitoka, nikasema ni ile dawa ya bwawa.

Tukafanya kazi. Akatia dawa ya kukata mafuta ndani ya pipa, tukaliacha limezimwa lilowe, kisha akayageuza maji na kuyageuza tena, na kiooni pakapita povu la manjano muda mrefu. Nilitaka kumwuliza kiasi gani cha uchafu tubakishe safari hii, nikaogopa jibu.

Kisha nikamfuata mwenye hoteli ofisini. Mjukuu wangu alinivuta buibui. Nikamwambia niachie.

"Baba," nikamwambia yule bwana, "bwawa lako halina ugonjwa, na mtoto hana kosa. Ni singo. Na singo ni yangu."

Alinitazama. Akauliza, "Ile uliyompaka binti yangu alipoolewa?"

"Ile ile."

Akajipangusa uso. "Sasa nizuie maarusi? Bi mkubwa, Ijumaa ndo inayotuweka."

"Usizuie. Niachie mlango."

Ijumaa iliyofuata nilikaa kwenye kigoda mbele ya bomba la mvua lililo kando ya bwawa, na dodoki, na sabuni, na sauti yangu. Hakupita mtu bila kukoshwa. Shangazi wa bi harusi wa wiki hiyo, mwanamke mwenye kifua kama kabati, akaja juu.

"We bibi una wazimu? Asubuhi umempaka, tumekulipa, jioni unamkosha?"

"Leta mgongo wake hapa."

"Nakuuliza!"

"Na mimi nnajiuliza, dada. Nikipata jibu nitakuletea nyumbani. Leta mgongo."

Nikamsugua yule msichana kwa nguvu zile zile nilizompakia, nikaitazama kazi yangu ikishuka miguuni mwake, ya manjano, ikienda shimoni. Akaniambia, "Bibi, bado nnanukia." Nikamnusa shingo. Kweli alinukia, kidogo. Sikujua kama nifurahi. Nikamwachia hicho kidogo, nikamsukuma kwenye maji.

Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya jua kuwaka vizuri. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa ukingoni. Chini kabisa ya bwawa niliona sarafu ya mtu, na unywele mmoja umelala juu yake. Mwenye hoteli akatoka na kanzu ya kulalia, akatazama, akaita jikoni waongeze kikombe cha chai kwa fundi.

"Kwa fundi yupi?" mpishi akauliza.

"Unamwona mwengine hapa?"

Mjukuu wangu akachukua wavu wake mrefu, akautumbukiza, akautoa unywele ule. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Mimi nikamwuliza, tangu lini fundi anatetemeka maji yakiwa masafi, na yeye akaniambia ninyamaze, kwanza anywe chai.