Mafuta ya Breki ya Mkunga

Kila mtaa una mtu ambaye jina alilopewa na wazazi limeshasahaulika, na katika mtaa ule mtu huyo alikuwa Spoku. Alikuwa fundi baiskeli, mrefu, mwembamba wa kupitiliza, na watu walisema akisimama kando ya gurudumu huwezi kujua wapi spoku zinaishia na wapi fundi anaanzia. Utani huo aliusikia tangu ujana na hakuwahi kuukasirikia. Kibanda chake kilikuwa na benchi la mbao, karai la maji la kutafutia pancha, na matairi yaliyoning'inia darini.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na ukuta wa mabati, na upande wa pili wa mabati kulikuwa na gereji ya shemeji yake. Huyu alikuwa fundi magari, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu mtoni, na alikuwa amemuoa dada mkubwa wa Spoku. Wawili hao waliitana Shemeji asubuhi mpaka jioni, wakirushiana maneno juu ya mabati.

"Shemeji, magari yako yanakunywa petroli!" Spoku alizoea kusema.

"Na baiskeli zako zinakunywa jasho la watu! Afadhali petroli, inauzwa."

Dada mwenyewe alikuwa mkunga wa zahanati, na mtaa mzima ulimwita Mkunga, mumewe akiwemo. Zahanati ilikuwa imempa baiskeli mpya ya kuwafikia wajawazito wa ng'ambo ya mlima wa machimbo ya kokoto. Ilikuwa baiskeli ya kisasa, na breki zake hazikuvutwa na waya. Ndani ya mipira myembamba mlikuwa na mafuta. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanasukuma, pedi zinabana diski ya gurudumu. Spoku alikuwa akiitazama baiskeli ile kama mtu anavyomtazama mkwe: kwa heshima, na kwa mbali.

Siku moja Mkunga aliisukuma hadi kibandani.

"Mdogo wangu, breki ya mbele inazama. Naibana mpaka inagusa usukani ndipo inashika. Na ule mteremko unaujua."

Spoku akaibana. Ilikuwa laini kama sifongo. Kabla hajasema neno, sauti ikaruka mabati.

"Imeingia hewa hiyo!" Shemeji hakuwahi kupitwa na mazungumzo ya watu. Punde akatokea, mkononi kashika chupa. "Toa hewa, jaza mafuta, kwisha. Lori linasimama kwa haya haya, sembuse baiskeli ya mke wangu?"

Spoku akaipokea chupa na kuifungua. Tone moja likaangukia fremu. Akalifuta kwa kitambaa, akahisi rangi ya fremu imelainika, na kitambaa kikatoka na alama ya buluu. Akanusa chupa. Kisha akagusa mafuta machache yaliyovujia chini ya mkono wa breki, akayasugua kati ya vidole. Yalikuwa mafuta mengine kabisa, mepesi, yanateleza kama ya cherehani.

"Hapana, Shemeji," akasema. "Tuache kwanza."

"Kwa nini?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: sijui. Lakini neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Nusu ya mtaa ilikuwa imejifunza kuendesha baiskeli alizozitengeneza yeye. Fundi mzima aseme hajui, tena mbele ya dada yake na mbele ya shemeji ambaye kesho angelitangaza juu ya mabati?

"Siwezi tu," akasema.

Shemeji akaichukua chupa yake. "Kumbe mafuta yangu yananuka," akasema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini kwake ilikuwa jambo la kutisha. Akaondoka.

Mkunga akaushika usukani. "Nyie wanaume mna kazi. Mimi nina mama wa watu kakaribia kule ng'ambo." Akaisukuma baiskeli yake, akaenda zake.

Mwisho wa wiki ule Shemeji aliitengeneza mwenyewe uani kwake, kwa mafuta ya chupa ile ile. Na kusema haki, kutoa hewa alikuwa bingwa. Alipomaliza, breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Mkunga alipita mbele ya kibanda akipiga kengele. "Naona kuna fundi mwingine hapa mtaani!" Spoku akacheka, lakini kicheko kiliishia menoni. Akajiambia pengine wasiwasi wake ulikuwa wa bure, na kwa kuwa hakuwa na hakika, akanyamaza. Juu ya mabati nako kukawa kimya. Majirani waliona, maana walikuwa wameizoea redio ile ya bure.

Wiki zikapita. Mkono wa breki ukaanza kuwa mzito kurudi ukiachiwa. Kisha gurudumu la mbele likawa linakwaruza hata pasipo kubana. Mkunga alimwambia mumewe, mumewe akasema ni upya, itazoea.

Adhuhuri moja alikuwa anashuka mlima wa machimbo, mkoba wa vifaa mgongoni. Aligusa breki kidogo tu, kupunguza mwendo kwenye kona. Breki ikashika, na alipoiachia, haikuachia. Gurudumu likagoma papo hapo, baiskeli ikanyanyuka nyuma, na Mkunga akapita juu ya usukani mpaka kwenye kokoto. Wapasua mawe walitupa nyundo na kumkimbilia. Mmoja wao alimtambua. Mkewe alijifungulia mikononi mwa mama huyu.

Spoku alipofika zahanati, alimkuta Shemeji kwenye benchi la nje, viwiko magotini, kofia ya kazi imebanwa mkononi mpaka imekosa umbo.

"Kifundo cha mkono kimevunjika," akasema bila kuinua macho. "Sema basi, Shemeji. Sema uliniambia."

Spoku akaketi kando yake. Alikuwa amekuja na hasira njia nzima, lakini alipokiona kisogo kile kimeinama, hasira ikamtoka.

"Sikukuambia. Nilikataa tu. Sababu sikukupa, kwa sababu sikuwa nayo. Nilikuwa na wasiwasi, nikaona aibu kusema sijui. Ningesema sijui, tungekaa wawili tukaulize."

"Mimi ningekucheka."

"Ungenicheka. Halafu tungeuliza."

Sauti ya Mkunga ikatokea dirishani. "Mnalia msiba wa nani huko nje? Kilichovunjika ni mkono, masikio yangu mazima! Ingieni mnipe pole kama watu."

Siku iliyofuata waliifungua ile breki pamoja, juu ya benchi la Spoku. Mipira midogo ya ndani, ile inayozuia mafuta yasivuje, ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolala majini, imebana mpaka vipande vya chuma havikuweza kurudi nyuma. Spoku akapiga simu kwa muuza vipuri vya baiskeli mji mwingine, na safari hii neno likatoka bila kukwama.

"Ndugu yangu, mimi sijui. Nifundishe."

Muuzaji akamwambia asafishe kifuniko cha kwenye mkono wa breki, asome. Spoku akapangusa tope. Maandishi madogo yakajitokeza: mafuta ya madini tu.

"Madini? Kama dhahabu?" Shemeji akauliza, kasogeza sikio kwenye simu.

Muuzaji akacheka, akaeleza. Mafuta hayo ni ya jamii ya petroli, yamesafishwa sana. Ya breki za gari ni dawa nyingine kabisa, inakula rangi na kuvimbisha mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake. Na ziko baiskeli zinazotaka hiyo hiyo ya gari. Ukizitia ya madini, nazo zinaharibika. Hakuna iliyo bora kuliko mwenzake. Kila breki na mafuta yake, na mipira ikishavimba hairudi.

Jirani aliyekuwa akisikiliza akapendekeza, kwa kuwa ni mafuta matupu, kwa nini wasitie ya kupikia? Shemeji akamgeukia kwa sauti yake yote ya zamani. "Kakaangie samaki wako huko!" Spoku hakujua kwamba alikuwa ameitamani sauti ile kiasi hicho.

Vipuri vilifika na basi, breki nzima ya mbele na chupa ya mafuta yenyewe. Kujaza kulitaka watu wawili. Spoku alitoa pedi na kuziweka mbali, zisiguswe na mafuta, kisha akakaa chini na bomba la sindano lililounganishwa kwenye breki, asukume mafuta kwenda juu. Shemeji alisimama kwenye usukani, akitazama mapovu yakitokea kwenye kikombe kidogo kilichofungwa juu ya mkono wa breki. Mkunga, mkono kwenye plasta, aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Sindano yako ina hewa," akasema. "Igeuze juu. Igonge kwa kucha. Tena. Sasa sukuma polepole, unamkimbiza nani?"

"Mimi ndiye fundi hapa, dada."

"Na mimi nilikuwa nashika sindano ulipokuwa unaogopa kuchomwa. Sukuma."

Shemeji alicheka mpaka akalazimika kushikilia usukani. Walisukuma na kuvuta, wakaugonga mpira wa breki kwa mpini wa bisibisi, mpaka mapovu yakaisha. Spoku akarudisha pedi. Shemeji akabana, akaachia. Mkono ukarudi mara moja. Akambana Spoku bega.

Plasta ilipokatwa na kifundo kikapata nguvu, Mkunga hakukubali kusindikizwa. Mumewe alimfuata hata hivyo kwa pikapu ya mteja, kwa mbali, akijidai anaijaribu gia. Spoku alikaa pembeni yake, ameshikilia mlango. Waliiona kofia nyeupe ya Mkunga ikiingia kwenye mteremko, ikipunguza mwendo kwenye kona, ikinyooka, ikipunguza tena.

Chini kabisa, alisimama na kuwasubiri, mguu mmoja ardhini.

"Breki inapiga kelele," akasema walipofika.

"Hizo ni pedi mpya," mdogo wake akajibu. "Zitanyamaza zenyewe."

"Una hakika, au hujui?"

Spoku akafikiri. "Nina hakika kidogo."

"Basi kesho uiangalie," akasema Mkunga, akakanyaga pedali, maana kulikuwa na mama anamsubiri.